Presha, Keki na Kidole Changu

Jumatatu, 2 Oktoba

Upepo wa magharibi, manyunyu. Naanza hivyo kwa sababu daftari hili ni la hali ya hewa. Mume wangu Verner alinunua mawili, nami nikalinyakua moja. Kila ukurasa una safu ya upepo, safu ya mvua na safu ya "mengineyo". Mimi nitaishi kwenye mengineyo.

Mengineyo ya leo: tumeletewa daktari kutoka Kopenhagen. Anaitwa Asger, ana miaka thelathini na mbili, ana ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele zake, na amekuja na klipu. Klipu hiyo anambana nayo mama mjamzito kidoleni kabla ya sindano ya ganzi ya mgongoni. Inasoma jinsi damu inavyopita, kompyuta inapiga hesabu, kisha inatangaza: presha ya huyu itashuka wakati wa upasuaji, au haitashuka.

Mimi ni nesi wa ganzi. Miaka thelathini na moja nimekaa kichwani pa akina mama katika chumba kilekile cha upasuaji. Ganzi ikishaingia mgongoni, presha inaweza kuporomoka ghafla. Mama anaona giza, anatapika, na tukichelewa, mtoto naye anapungukiwa damu huko ndani. Hilo sihitaji klipu kulijua. Namshika mama mkono, namtazama vidole vya miguu, basi.

Nikamwambia hivyo.

"Basi tushindane," akasema Asger.

Maskini mtoto wa watu, hajui kaingia kwa nani.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Masharti yameandikwa ubaoni katika chumba cha kahawa. Kabla ya kila upasuaji klipu inatabiri, nami natabiri. Atakayekosea analeta keki.

Hapa kwetu kosa halina adhabu nyingine. Ukisahau simu yako ikalia kwenye kikao, keki. Ukiacha kompyuta wazi, mwenzako atawaandikia watu wote kwa jina lako kwamba kesho unaleta keki, na utaileta. Mkuu wetu, Daktari Palle, aliwahi kuingia chumba cha upasuaji na kofia ya baiskeli kichwani. Ile keki ilikuwa na ghorofa tatu.

Masharti ya utafiti wenyewe ni haya. Pampu ya dawa ya kupandisha presha inaanza kwa mwendo mdogo kwa kila mama. Nesi akiona haja ya kuongeza, aongeze bila kuomba ruhusa, ila aandike saa na kiasi kwenye fomu ya kijani. Asger ameyasoma mara mbili kwa sauti. Mara ya pili nilikuwa natafuta miwani.

Ijumaa, 13 Oktoba

Klipu imesema itashuka. Mimi nikasema haitashuka, maana yule mama alinibana mkono mpaka pete ikaniuma. Haikushuka. Ya tatu hiyo.

Asger kaleta keki ya nazi. Malene, nesi mwenzangu, mpole mno, mwenye kufanya kila jambo kama anasoma maelekezo ya dawa, aliigonga kwa kijiko.

"Asger, hii tuile au tujengee?"

"Nimefuata kitabu."

"Cha upishi au cha mafundi?"

Akacheka naye, lakini masikio yalimwiva.

Jumapili, 15 Oktoba

Jua siku nzima. Verner katoka na koti la mvua. Goti lake la kulia, anadai, linatabiri mvua. Kisha huvaa koti kila siku ya Mungu, goti liume lisiume, na akirudi mkavu husema, "Unaona? Miaka saba sijalowa. Hili goti ni hazina."

"Verner, si goti. Ni koti."

"Wivu huo."

Mwanaume wa miaka sitini na nne! Unamweleza jambo dogo kama hilo, halimwingii.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua. Ubaoni: Jonna, yaani mimi, kapatia tisa, klipu nne. Suruali yangu ya kazini haifungi.

Jumatano, 1 Novemba

Ukungu. Sidsel, binti yetu, alikuja kula. Ana mimba ya kwanza, na mtoto amekaa kitako, kichwa juu, hataki kugeuka. Wamempangia upasuaji tarehe 12 Desemba, palepale kwetu. Mume wake, Jeppe, hutengeneza mitambo ya upepo baharini, na ameomba likizo kuanzia tarehe 10.

"Mama, presha yangu itashuka?" Sidsel akaniuliza huku akijipakulia viazi mara ya tatu.

"Yako? Mtu anayeogelea baharini mwezi wa kwanza? Thubutu!"

Verner akashika goti lake akasema tarehe 10 ni mbali mno, kuna dhoruba kabla ya hapo. Tukamcheka sote.

Jumanne, 7 Novemba

Mafua. Nimelala.

Jumatano, 8 Novemba

Mafua. Verner kanipikia supu ya njegere. Mafua yameongezeka.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimerudi kazini. Wiki niliyolala, Malene ndiye aliyekaa kwenye pampu, na klipu ikatabiri sawasawa sita kwa sita. Asger kanieleza akirukaruka, mikono inakwenda huku na huku.

"Sita kwa sita, Jonna! Sita!"

"Bahati ya mtende," nikamwambia. "Ngoja nikae tena kwenye kiti changu."

Nikakaa. Siku hiyohiyo klipu ikakosa mbili. Keki ya tufaha, mbichi katikati.

Ijumaa, 24 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana. Leo nimejifunza jambo ambalo ningependa nisilijue.

Nilimkuta Asger chumba cha kahawa peke yake, mbele ya ubao. Jonna ishirini na saba, klipu kumi na nne. Nikamtania, nikamwambia sasa keki zake zinaanza kulika. Hakucheka. Akasema Palle amepanga kikao tarehe 14 Desemba. Klipu ikiwa haiwezi kumshinda hata nesi mmoja, utafiti unafungwa mwaka ukiisha, naye anarudi Kopenhagen. Mabinti zake mapacha ndiyo kwanza wamezoea shule ya chekechea hapa. Mmoja ameanza kuongea kwa lafudhi yetu.

"Labda hesabu yangu ni mbovu tangu mwanzo," akasema.

"Hesabu haina ubaya," nikamjibu. "Ila mambo mengine yanataka mkono wa mtu mzima."

Nilidhani nimemfariji. Nimerudi nyumbani nikamsimulia Verner, naye akasema, "Hayo si maneno ya kufariji, Jonna. Hayo ni majivuno yaliyovaa sweta." Nimemnunia mpaka taarifa ya habari.

Alhamisi, 30 Novemba

Mvua. Mama mwenye mimba ya mapacha. Tumesema itashuka, mimi na klipu, ikashuka. Hakuna keki. Watu wamehuzunika.

Jumanne, 5 Desemba

Upepo unapanda. Goti la Verner limevimba, na yeye ana furaha kama mtoto.

Alhamisi, 7 Desemba

Dhoruba. Meli za wafanyakazi haziwezi kwenda kwenye mitambo wala kutoka. Jeppe amekwama baharini, kapiga simu, sauti inakatika. Ubao: mama thelathini na wanane, Jonna kapatia thelathini na nne, klipu kumi na nane. Asger ameoka keki ishirini tangu Oktoba, na sasa anajua kuoka.

Jumamosi, 9 Desemba

Haya ni ya jana, Ijumaa. Jana sikuweza kushika kalamu.

Saa mbili asubuhi Sidsel kapiga simu. Chupa imepasuka, siku nne kabla ya tarehe, na Jeppe yuko baharini. Tukaenda kwa gari, mimi nikiendesha, Verner nyuma ameshika begi la mtoto na kusema, "Sikuwaambia? Sikuwaambia?" mpaka Sidsel, katikati ya uchungu, akamwambia, "Baba, ukisema tena neno hilo nazaa humu humu."

Kiti cha baba kichwani pa mama kilikuwa kitupu. Nikakikalia mimi. Palle alinisimamisha mlangoni, akanivalisha kofia ya wageni, ya rangi tofauti na yetu.

"Leo wewe ni bibi, si nesi. Mikono mapajani."

"Palle, nakijua chumba hiki kuliko jikoni kwangu."

"Ndiyo maana nakwambia. Mapajani."

Malene alikaa kwenye pampu, kwenye kiti changu. Asger akambana Sidsel klipu kidoleni. Kompyuta ikawaza, ikasema: itashuka. Asger akanitazama juu ya barakoa yake. Niliona hataki kuuliza, na niliona mazoea yanamsukuma.

"Haitashuka," nikasema kabla hajauliza. "Namjua. Nimemzaa mimi."

Ndiyo. Niliweka dau la keki juu ya mwanangu mwenyewe. Naliandika lilivyo.

Sidsel akakaa, akaupinda mgongo kama paka aliyeudhiwa, Asger akamchoma mara moja tu, safi. Wakamlaza, wakamwinamisha kidogo upande wa kushoto. Miguu ikaanza kupata joto. Presha mia na kumi na nane. Dakika ikapita. Mia na kumi na nne. Nikamtupia Asger jicho, yaani unaona?

Hapo Sidsel akapiga mwayo.

Mwayo mdogo tu, kama wa mtu aliyechoka kusubiri basi. Na mkono wangu wa kulia ukainuka kutoka mapajani, ukaenda mbele, kidole cha shahada kikabonyeza hewa. Mara mbili.

"Mama," akasema Sidsel, "unabonyeza nini?"

Nikakitazama kidole. Kilikuwa kimenyooka mbele yangu, mahali hasa ambapo kitufe cha pampu hukaa ninapokuwa kwenye kiti changu. Asger naye alikuwa anakitazama. Mimi nilikuwa sijakiamrisha kitu.

Mashine ikapima tena. Themanini na mbili.

"Naona giza," Sidsel akasema. "Mama, natapika."

Nikasimama. Palle akaniwekea mkono begani, nikakaa. Sijawahi kuogopa vile katika chumba kile, na nimeona mengi. Malene, mpole wangu, Malene wa maelekezo ya dawa, alikuwa ameshabonyeza kabla mimi sijamaliza kusimama. Klipu ilimwonya, kwa hiyo dozi alikuwa nayo tayari.

"Nimekuona, Sidsel," akasema kwa sauti ileile anayoagizia kahawa. "Vuta pumzi polepole. Dakika moja tu itakuwa mbaya, kisha itapita. Saa nne na dakika kumi na mbili, nimeongeza mara mbili." Na huku anasema hayo, anaandika kwenye fomu ya kijani.

"Mama, acha kuangalia pampu," Sidsel akasema. "Nishike mkono."

Nikaushika. Miaka thelathini na moja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumshika mama mkono ndani ya chumba kile bila kuwa napima kitu. Tisini na nne. Mia na nne. Mia na kumi na tano. Rangi ikamrudi midomoni. Dakika chache baadaye akatoka msichana, matako kwanza, miguu imekunjwa mpaka masikioni, akilia kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyepasuliwa. Nililia. Palle alilia. Asger aligeuka ukutani kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Jumapili, 10 Desemba

Upepo umekufa. Jeppe amefika, hajalala, amembeba mtoto tangu asubuhi na hampi mtu.

Mimi nimekaa jikoni na kidole changu.

Mama akipiga mwayo, ile dalili ya presha inayotaka kushuka, kidole kinabonyeza. Akimeza mate vibaya, kinabonyeza. Presha haijashuka bado, na kwa hiyo haishuki. Kisha natazama mashine, naona mia na kumi, najiambia, Jonna, mama we, una kipaji. Tangu Oktoba nimekuwa natabiri kwa mdomo na kutimiza kwa kidole. Na kwenye fomu ya kijani sikuandika hata mara moja, maana nani anaandika kwamba amejikuna pua?

Sita kwa sita, wiki niliyokuwa kitandani na supu ya Verner. Lilikuwa mbele ya macho yangu. Nyani haoni kundule.

Nikinyamaza nimeshinda. Alhamisi kikao kitaufunga utafiti, Asger atafungasha mapacha wake, na ubao utafutwa. Hakuna atakayejua.

Verner kaingia kutoka nje, jua linawaka, anadondosha koti la mvua kwenye kiti. "Unaona?" akasema. "Mkavu!"

Nilicheka mpaka nikalia, akaogopa, akanipa maji.

Jumatatu, 11 Desemba

Mficha uchi hazai. Nimesema.

Nilimwambia Asger chumba cha kahawa, Malene akiwepo, maana niliona nisipomwambia mbele ya mtu nitaipunguza chumvi. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Miezi miwili, Jonna." Aliongea chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Miezi miwili narudi nyumbani namwambia mke wangu labda mimi ni mjinga. Na wewe unanitania keki."

"Sikujua."

"Nilisoma masharti mara mbili."

"Mara ya pili nilikuwa natafuta miwani."

"Na mara ya kwanza?"

Nikamwomba radhi, bila utani, bila mkono wa mtu mzima. Akatoka, mlango ukajifunga taratibu nyuma yake kwa sababu milango ya hospitali haibamizwi hata ukitaka.

Malene akanisogezea kahawa. "Pampu inakumbuka," akasema.

"Inakumbuka nini?"

"Kila kitufe kinachobonyezwa. Saa, dakika, kiasi. Imo ndani. Imeandikwa kwenye maelekezo."

Bila shaka ameyasoma. Nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka tisa nikimwona mzito.

Jumatano, 13 Desemba

Theluji. Tumekaa sakafuni watatu, karatasi za pampu zimetapakaa mpaka mlangoni. Klipu ilikuwa imekosa mara ishirini. Katika hizo, mara kumi na saba kidole changu kilibonyeza kabla presha haijashuka.

"Kwa hiyo klipu ilipatia zote kumi na saba," nikasema, nikitaka kumfurahisha.

"Hapana," akasema Asger. "Hatujui kama zingeshuka. Huenda zingeshuka, huenda hazingeshuka. Ila huwezi kuziita makosa yake. Wala ushindi wako."

Angeweza kuzichukua zote, nami ningemwachia. Hakuchukua hata moja. Ndevu zile nilizidharau bure.

Alhamisi, 14 Desemba

Kikao. Asger alieleza, nikasimama nikaeleza sehemu yangu, na nilionyesha kwa kidole jinsi kilivyofanya, jambo ambalo halikuwa la lazima. Palle akatugeukia.

"Sasa mnataka kutabiri mvua," akasema, "au mnataka watu wasilowe?"

"Wasilowe," akasema Asger. "Klipu ikisema itashuka, pampu ianze kwa mwendo wa juu tangu mwanzo. Tuone wangapi wanabaki wakavu. Na kila kubonyeza kuandikwe. Na Jonna."

"Hasa Jonna," akasema Malene.

Palle ameongeza muda mpaka kiangazi. Mapacha wanabaki. Kisha akachukua chaki, akapiga hesabu ubaoni polepole ili kila mtu aone: keki kumi na saba za kutoandika, na moja ya Sidsel.

Ijumaa, 22 Desemba

Keki ya tatu. Kumi na tano zimebaki. Asger amenipa ushauri kuhusu oveni, na nimeufuata.

Alhamisi, 4 Januari

Kweupe, baridi, hakuna wingu hata moja.

Ubaoni sasa kuna safu tatu: Klipu, Jicho la Jonna, Kidole cha Jonna. Asger ndiye aliyeichora ya tatu. Kidole kinaongoza, lakini sasa kinabonyeza kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiandika, na mwandiko ni wa kuku. Leo mama mmoja alipiga mwayo, tukasema "mwayo!" watu watatu kwa pamoja, naye akatuomba radhi akidhani ni utovu wa adabu.

Jioni Sidsel alituletea mtoto ili yeye na Jeppe walale. Verner akataka kumpeleka matembezi kwenye kigari chake, mara ya kwanza, wao wawili tu. Goti lake, alisema, limetulia kabisa, hakuna mvua mpaka wiki ijayo. Kisha akalichukua koti la mvua kutoka msumarini, akaanza kulitandika juu ya kigari, chini ya anga tupu, akihangaika na upande mmoja unaoteleza.

Nilikuwa na la kusema. Nikaushika upande wa pili, tukalifunga.